Kuweka namba ya mfuatano kwa mistari inayotimiza sharti tu

Karani_wa_Ripoti

Wakuu, habari za kazi. Nina jedwali la ankara lenye kolamu id, mteja_id, tarehe na hali. Hali inaweza kuwa 'imelipwa', 'imelipwa_nusu' au 'imefutwa'. Mhasibu anataka ripoti inayoonyesha ankara zote, hata zilizofutwa, ila namba ya mfuatano ziwe nayo zilizolipwa tu, iwe zote au nusu. Kila mteja aanze na 1. Natumia hifadhidata ya PostgreSQL, na nimeandika hivi:

```
SELECT id, mteja_id, tarehe, hali,
  CASE WHEN hali <> 'imefutwa' THEN
    ROW_NUMBER() OVER (PARTITION BY mteja_id ORDER BY tarehe)
  END AS namba
FROM ankara;
```

Mteja mwenye ankara nne, ya pili ikiwa imefutwa, ananipa 1, tupu, 3, 4. Nataka 1, tupu, 2, 3. Nikiongeza WHERE hali <> 'imefutwa' namba zinanyooka, lakini zilizofutwa zinatoweka kwenye ripoti.

Mkurupuko

Ongeza hali kwenye PARTITION BY, yaani PARTITION BY mteja_id, hali. Itakaa sawa.

Fundi_Majedwali

Mkuu Mkurupuko, hiyo inafaa hali zikiwa mbili tu. Hapa ziko tatu, kwa hiyo 'imelipwa' zitahesabiwa peke yake na 'imelipwa_nusu' zitaanza upya na 1, na mhasibu ataona namba 1 mbili kwa mteja mmoja. Kinachotakiwa kugawanya mistari ni sharti lenyewe, si kolamu.

Karani, CASE yako haizuii mstari kuhesabiwa. ROW_NUMBER inahesabu mistari yote ya mteja kwanza, halafu CASE inaficha namba ya ile iliyofutwa. Namba 2 ilishatumika, imefichwa tu. WHERE nayo hufanya kazi kabla ya fankisheni za dirisha (zile zenye OVER, kama ROW_NUMBER yako; dirisha ni kundi la mistari linalotajwa ndani ya OVER), ndiyo maana iliyokatwa pale haihesabiwi wala haionekani. Kwa hiyo peleka sharti ndani ya dirisha:

```
CASE WHEN hali IN ('imelipwa','imelipwa_nusu') THEN
  ROW_NUMBER() OVER (
    PARTITION BY mteja_id,
      CASE WHEN hali IN ('imelipwa','imelipwa_nusu')
           THEN 1 ELSE 0 END
    ORDER BY tarehe, id)
END AS namba
```

CASE ya ndani inatenga makundi mawili kwa kila mteja, ya nje inaficha namba za kundi lisilotakiwa. Zote mbili zinahitajika. Nimetumia IN badala ya <> ili siku ikiongezwa hali mpya isijipenyeze kwenye hesabu bila mtu kuamua.

Umeona nimeongeza id kwenye ORDER BY? Usiiondoe. Ankara mbili za tarehe moja hazina mpangilio wowote kati yao, na hifadhidata ina haki ya kuzipanga leo hivi na kesho vingine. Ripoti ileile ikichapishwa mara mbili inaweza kutoa namba tofauti bila data kubadilika hata chembe. Hilo linavunja imani ya mtu anayesoma ripoti, na ana haki.

Karani_wa_Ripoti

Imekubali, 1, tupu, 2, 3. Shukrani sana mkuu. Sasa ameongeza ombi: kwenye kolamu nyingine namba ianze upya kila baada ya ankara iliyofutwa, aone mteja amelipa ngapi mfululizo.

Fundi_Majedwali

Hapo huwezi kumaliza kwa hatua moja, kwa sababu fankisheni ya dirisha haikai ndani ya nyingine. Tengeneza kwanza alama ya kundi inayopanda kila ikikutana na iliyofutwa:

```
WITH a AS (
  SELECT *,
    SUM(CASE WHEN hali = 'imefutwa' THEN 1 ELSE 0 END)
      OVER (PARTITION BY mteja_id ORDER BY tarehe, id
            ROWS UNBOUNDED PRECEDING) AS kundi
  FROM ankara
)
```

Kisha kwenye SELECT ya chini rudia amri ya juu, ukiongeza kundi kwenye PARTITION BY. Sharti libaki palepale: iliyofutwa ndiyo inayofungua kundi jipya, na usipoitenga itachukua 1 na malipo ya kwanza yataanza na 2.

Hilo neno ROWS nimeliweka makusudi. Usipolitaja, SUM yenye ORDER BY hujumlisha kwa mpigo mistari yote inayolingana kwenye mpangilio. Kwa kuwa id haijirudii hapa hakuna athari, ila mtu akija kuiondoa, alama za kundi zitavurugika kimyakimya.

Seva_ya_Zamani

Na sisi wa MySQL 5.7? Inakataa OVER kabisa.

Fundi_Majedwali

Fankisheni za dirisha ziliingia MySQL na toleo la 8.0, mwaka 2018. Huko nyuma wengi walitumia vigeu kama @n := @n + 1, lakini mwongozo wa MySQL wenyewe unasema mpangilio wa kuvikokotoa hauna uhakika, na mimi sitampa mhasibu namba ya kubahatisha. Kwa ombi la kwanza, hesabu kwa amri ya ndani:

```
(SELECT COUNT(*) FROM ankara b
 WHERE b.mteja_id = a.mteja_id
   AND b.hali IN ('imelipwa','imelipwa_nusu')
   AND (b.tarehe < a.tarehe
        OR (b.tarehe = a.tarehe AND b.id <= a.id)))
```

Ifunike kwa CASE ileile ya nje, na kwenye amri kuu andika FROM ankara a, ili a iwe mstari unaopewa namba. Jedwali likiwa kubwa itakwenda polepole, hivyo weka faharasa (index) kwenye mteja_id na tarehe.

Karani, nawe naomba umuulize mhasibu jambo moja kabla hujakabidhi: hizi namba zitabaki kwenye ripoti, au zitaandikwa kwenye risiti za wateja? Namba hii inakokotolewa upya kila amri inapoendeshwa. Ankara namba 2 ikifutwa mwezi ujao, iliyokuwa 3 inakuwa 2. Kwenye ripoti ndivyo inavyotakiwa. Kwenye risiti itakuwa karatasi mbili zenye namba moja mikononi mwa mteja yuleyule. Kama ni za risiti, tengeneza kolamu ya kudumu na ujaze namba wakati malipo yanapopokelewa.

Karani_wa_Ripoti

Nimemuuliza. Alikuwa anapanga kuzichapa kwenye risiti. Naongeza kolamu.