Mrejesho: njia ya sauti haikuhitaji omu 50

Wakuu, niliuliza kama njia ya shaba ya sentimita 12 inayobeba sauti, hadi kilohezi 20, lazima ilinganishwe impidansi (ukinzani wa saketi kwa mawimbi ya umeme) kwa omu 50. Haihitaji. Kwenye bodi ya FR-4 (ubao wa kawaida wa saketi) mawimbi husafiri takriban sentimita 15 kwa nanosekunde, hivyo wimbi la kilohezi 20 lina urefu wa kama kilomita 7.5; sentimita 12 si kitu mbele yake! Chanzo nimekiacha na impidansi ndogo, ingizo kubwa. Omu 50 pande zote zingekata volteji nusu.

Kazi ilikuwa kwenye laini ya saa, yaani mapigo yanayoongoza mwendo wa saketi, ya megahezi 1. Masafa madogo, ndiyo, ila kingo zake (pale volteji inaporuka kutoka chini kwenda juu) hupanda ndani ya nanosekunde 1 na oskiloskopu, kifaa kinachochora mawimbi ya umeme, ilionyesha mtetemo mkali. Rizista ya omu 33 mfululizo, karibu kabisa na pini inayotuma, imeutuliza. Shukrani za dhati kwa aliyesisitiza nipime kingo.