Naomba ushauri: shokapu za mbele za MGB ya 1965

Wakuu, habari zenu. Nina MGB ya 1965, gari dogo la michezo la Kiingereza, niliyoachiwa na marehemu baba, hapa Arusha. Bodi imekamilika. Gari hili halina chasisi ya peke yake, hivyo vizingiti vya chini ya milango vilivyoliwa na kutu tulivikata baada ya kuifunga bodi vyuma, isije ikapinda na milango ikagoma kufunga. Kazi hiyo ilinila mwaka mzima, na sijutii.

Sasa nimekwama kwenye shokapu za mbele. Ni zile za asili za mkono, zenye mafuta ndani, na mkono huo ndio unaoshikilia gurudumu kwa juu. Kwenye lami ziko vizuri. Kwenye vumbi lenye matuta madogo madogo, nusu saa tu mafuta yamepata moto na gari linadundadunda. Fundi anasema niweke za bomba za kisasa, lakini nataka kushiriki mbio za magari ya zamani, na huko wakaguzi hutaka vifaa vya enzi hizo.

Aliyewahi kuzifumua hizi za mkono na kuweka mafuta mazito zaidi, zilihimili? Na kabureta mbili za SU, kwenye mwinuko huu wa kama mita 1,400, mnatumia sindano gani (ile ya ndani ya kabureta inayopima petroli)? Plagi zangu zinatoka nyeusi tii, yaani petroli inazidi.