Mrejesho: bomba la hewa la kujitengenezea kwenye Starlet

Wakuu, niliuliza kama bomba la maji la plastiki la inchi 3 linafaa kupeleka hewa baridi kwenye injini ya gari langu, Toyota Starlet ya lita 1.3. Linafaa. Mdomo uko nyuma ya bampa, mbali na joto la rejeta, maana hewa baridi ni nzito na ina oksijeni nyingi. Sensa ya joto la hewa nimeihamishia kwenye bomba, mpira wake umebana vizuri. Nguvu? Kilima cha Bugando hapa Mwanza bado napanda na gia ya pili. Kilichoongezeka ni mngurumo, na naupenda sana! Wenzangu wa Kirumba, fungeni wavu wa dirishani kwenye mdomo wa bomba: wadudu wa ziwani hujaa kwenye filta mpaka inakuwa nyeusi. Aliyenishauri nisishushe mdomo chini kwa sababu ya madimbwi, injini isije ikanyonya maji, asante sana kaka.