Bolti za flaiwili hazilegei zenyewe: malalamiko yangu juu ya kazi za gereji zetu Pemba

Ndugu wanajukwaa, assalaam alaykum.

Ninaandika nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Gari yangu ya abiria, inayokwenda baina ya Chake Chake na Mkoani, ilipelekwa gereji kubadilishwa sahani ya klachi. Gereji hiyo, ambayo sitaitaja jina, iliifungua flaiwili, yaani lile gurudumu zito la chuma lililo baina ya injini na klachi, ikairudisha kwa bolti zilezile za zamani, ikazikaza kwa bunduki ya upepo mpaka fundi aliporidhika kwa kusikiliza mlio wake, kisha nikaambiwa kazi imekwisha. Baadaye injini ikaanza kugonga ikiwa silensa, yaani inazunguka polepole bila ya kukanyagwa mafuta. Niliporudi, nikaambiwa kwamba beringi za krenki (shafti kuu inayozunguka ndani ya injini) zimekufa na kwamba nitafute injini ya mtumba kutoka Dar es Salaam. Fundi mwengine, wa Wete, aliposhusha giaboksi alikuta beringi hazina tatizo: bolti mbili za flaiwili zilikuwa zimekatika, zilizobaki zilizunguka kwa vidole, na matundu ya flaiwili yalikuwa yametanuka kwa kusuguliwa.

Kilichoniudhi zaidi ya hasara yenyewe ni jawabu niliyopewa. Niliambiwa kwamba barabara ni mbovu, kwamba gari za abiria hubeba kupita kiasi, na kwamba bolti "hulegea tu". Jawabu hiyo si ya kweli, na nitaeleza kwa nini, kwa sababu wenye gari wengi wamekuwa wakiikubali na kulipa.

Bolti ya flaiwili haikuwekwa pale ili ibebe nguvu ya injini kwa shingo yake. Kazi yake ni kuvutika kidogo inapokazwa na kuibana flaiwili juu ya uso wa krenki, na msuguano wa nyuso hizo mbili ndio unaobeba nguvu. Mbano ukiwa mdogo kuliko unaotakiwa, nyuso huteleza kiasi kisichoonekana kwa jicho kila silinda inapowaka. Injini ya silinda nne huwaka mara mbili katika kila mzunguko wa krenki, kwa hiyo ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, flaiwili hupata misukumo 6,000 katika dakika hiyo moja. Mhandisi wa Kijerumani Gerhard Junker alionesha mwaka 1969 kwamba mtelezo wa namna hiyo wa upande kwa upande ndio unaofungua hesi (ile mikato ya kuzungushia ya bolti) hata pale ambapo hakuna mkono uliogusa spana. Mashimo ya barabarani hayana nafasi kubwa katika habari hii. Aliyeacha mbano mdogo ndiye aliyeifungua bolti, siku ileile aliyoifunga.

Kuhusu bolti za zamani, gari nyingi za siku hizi hutumia bolti zinazovutwa mpaka karibu na mwisho wa uwezo wake au kuupita kidogo, na watengenezaji wake huagiza zitupwe kila zinapofunguliwa. Bolti iliyokwisha kuvutwa hairudi kuwa kama ilivyokuwa, na ukiikaza tena huenda ikakatika au ikashindwa kutoa mbano uliokusudiwa. Baadhi ya mafundi wetu hudhani kwamba washa ya springi, ile pete ya chuma inayowekwa chini ya kichwa cha bolti, itaziba upungufu huo. Washa hiyo hulala bapa kabla bolti haijafika hata karibu na mkazo wake, na baada ya hapo haizuii chochote.

Bunduki ya upepo nayo ni ya kufungulia. Sehemu kubwa ya nguvu unayotumia kukazia bolti, takriban asilimia 90, humalizwa na msuguano wa kichwa na wa hesi, na kinachobaki ndicho kinachovuta bolti. Hesi zikiwa na kutu, mbano hupungua sana ingawa mkono unahisi ugumu uleule. Zikipakwa mafuta pale ambapo kitabu kimesema ziwe kavu, bolti huvutwa kupita kiasi. Ndiyo maana kila injini ina namba yake ya mkazo, na nyingi huongezewa pembe ya kuzungusha, kwa mfano nyuzi 90, baada ya mkazo wa mwanzo. Namba hiyo haipatikani kwa sikio wala kwa uzoefu wa mkono, bali kwa spana ya kupimia mkazo, tena kwa kukaza hatua kwa hatua na kwa kuvukisha kutoka bolti moja hadi ya upande wa pili ili flaiwili ikae sawasawa.

Gundi ya kufungia hesi pia hutumiwa ovyo. Gundi hiyo hukauka inapokosa hewa katikati ya chuma na chuma, na haishiki vizuri juu ya mafuta. Katika injini nyingi matundu ya bolti za flaiwili hupenya mpaka ndani ya injini, kwa hiyo mafuta hupanda kupitia hesi, na pia sili ya nyuma ya krenki ikivuja huroesha kila kitu. Fundi anayepaka gundi bila ya kusafisha hesi za bolti na za tundu amepoteza gundi yake. Gundi nyingi za aina hii huhitaji takriban saa 24 kufikia nguvu yake kamili, lakini gari yangu ilitolewa barabarani jioni ileile. Kwetu visiwani, ambapo hewa ya chumvi hutia kutu chuma kilichowekwa wazi, uso wa krenki na wa flaiwili lazima usuguliwe mpaka uwe safi, kwani kutu au rangi iliyobanwa katikati husagika baadaye na mbano hupungua.

Nimesikia hoja kwamba spana ya kupimia mkazo ni ghali. Mimi nimelipia flaiwili nyengine, bolti, na kazi ya kushusha giaboksi mara ya pili, na nilikuwa karibu kununua injini nzima kwa uchunguzi wa uongo. Abiria wangu ni wanafunzi wa skuli, wazee na kina mama wanaokwenda hospitali, na flaiwili ikichomoka katika mwendo inaweza kupasua kasha la klachi chini ya miguu yao.

Ninaitaka gereji hiyo inirudishie gharama ya kazi yao ya mwanzo na ya flaiwili iliyoharibika. Nimezihifadhi bolti zilizokatika pamoja na flaiwili, na yeyote kati yao anakaribishwa kuja kuzitazama mbele ya fundi wa Wete. Wenye gari wa Unguja na Pemba waliofungiwa klachi karibuni, kisha wakasikia mlio wa kugonga unaobadilika wanapokanyaga pedali ya klachi, wasikubali kununua injini kabla giaboksi haijashushwa na bolti hizo hazijakaguliwa. Mafundi wanaotumia spana ya kupimia mkazo, nawaomba waandike hapa wanafanyia kazi wapi, ili tuwapelekee gari zetu.