Bonde la maji limekatwa ploti, sasa tunaambiwa mafuriko ni kazi ya Mungu

Waungwana, assalaam aleikum. Naandika nikiwa na hasira na sioni haja ya kuificha.

Mtaani kwetu Kisauni, hapa Mombasa, palikuwa na bonde ambalo kila masika lilijaa maji, yakakaa humo na vyura wake, kisha yakazama mchangani taratibu bila kumdhuru mtu. Bonde hilo limekatwa ploti, likajazwa kifusi kilicholetwa na malori usiku, na kuzungushiwa kuta za mawe zisizo na hata tundu moja la kupitisha maji. Mvua iliponyesha, maji yale yale yalitafuta pa kukaa, yakaingia sebuleni kwetu. Vyoo vya shimo vilifurika, na kisima tunachokitegemea kwa sababu maji ya mfereji hutoka kwa zamu kikaanza kunuka.

Nilipokwenda kulalamika katika ofisi inayohusika, nilijibiwa kwamba kila jengo lina kibali chake. Hilo ndilo linalonikera zaidi, maana vibali vinatolewa ploti baada ya ploti: michoro ya nyumba inakaguliwa na ghorofa zinahesabiwa, lakini hakuna anayeuliza maji yaliyokuwa yakisimama pale yataelekea wapi. Kisha tunalaumiwa kwa takataka mitaroni. Sikatai kwamba zipo, lakini mtaro uliozibuliwa vizuri ambao unaishia kwenye ukuta wa mtu unayapeleka wapi maji?

Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 inazitaka kaunti ziwe na mipango ya matumizi ya ardhi, na inakataza kujenga bila idhini. Mpango wenye maana ungeanza na maji kabla ya nyumba: mabonde, mikondo na kingo za hori, yaani mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, zingechorwa kwanza na kufungiwa ujenzi, na sehemu za mwinuko ndizo zingegawiwa wajenzi. Hapa kwetu mambo yamepinduliwa, nyumba kwanza na maji baadaye.

Huko Mikindani na Jomvu nako, mikoko ya Hori ya Tudor inakatwa kwa kuni na nguzo, ilhali ndiyo inayopunguza nguvu ya mawimbi na kuishika kingo isimong'onyoke. Wala haitoshi kuilinda mikoko peke yake. Mvua za El Nino za 1997 na 1998 zilishusha tope jingi kutoka bara hadi Hori ya Mwache, likafunika mizizi ambayo mkoko huitumia kupumua, na miti mingi ikafa. Ardhi ya juu ikiachwa uchi, wa chini ndiye anayelipa.

Wala asije mtu hapa kusema kwamba ardhi ikishaharibiwa ndiyo basi. Machimbo ya saruji pale Bamburi yalikuwa mawe matupu ya matumbawe. Yakaanza kupandwa mivinje mnamo 1971, na leo ni msitu ambao watu wanalipa kuingia kuutazama.

Ninachodai ni vibali vya ujenzi mabondeni visimamishwe, kuta zilizoziba mikondo zitobolewe kabla ya mvua za vuli, na kifusi kile kiondolewe kwa gharama ya aliyekimwaga. Na mwenye nakala ya ramani ya matumizi ya ardhi ya Kisauni aiweke hapa, tuone kama bonde letu limeandikwa makaazi au njia ya maji, na ni nani aliyetia sahihi.