Plena mpya au ya mtumba kutoka Uingereza? Naomba ushauri kabla sijatoa hela

Banda la Uani, Morogoro
Habari zenu mafundi. Mimi ni mwalimu, useremala nilifundishwa na marehemu baba. Huu mwaka wa nne natengeneza meza, stuli na vikabati kwenye banda la uani kwa randa ya mkono. Sasa bega limechoka. Jumamosi nikiranda mbao 12 za mninga, Jumatatu mkono haufiki juu ya ubao darasani.

Nimedunduliza milioni 2 na laki 3, nataka plena, yaani mashine moja ya kuranda mbao, inayonyoosha uso na kutoa unene. Nimeona mbili. Moja mpya, iko dukani Kariakoo, meza yake ya aluminiamu, watu wawili wanaibeba, inakula umeme wa kawaida wa nyumbani. Bei milioni 1.9. Nyingine ya mtumba, imeshuka na kontena kutoka Uingereza, chuma kitupu, upana inchi 12, vijana sita waliihangaikia kuisogeza. Anataka milioni 1.6. Moyo umeenda kwa ile kubwa, mama watoto anasema chukua yenye risiti. Nyumbani nina umeme wa njia moja (single phase). Nishaurini.

Kitako cha Mninga
Mwalimu, msikilize mama watoto. Mimi niliwahi kununua msumeno wa duara wa mtumba kutoka huko huko Uingereza, plagi ya njano. Nikakata plagi, nikafunga ya kwetu, nikawasha. Ulilia sekunde tatu, ukatoa moshi. Baadaye ndipo naambiwa vifaa vya plagi ya njano ni vya volti 110, wenzetu wanavitumia kwenye majengo kwa kutumia transfoma. Hela imekwenda hivyo.

Fundi wa Keko
Mwalimu, pole na bega. Nina miaka 22 Keko, na mashine zilizopita mikononi mwangu ni za kila aina, mpya na kuukuu. Aliyetangulia kasema kweli kuhusu plagi ya njano, na za Japani nazo ziangaliwe hivyo hivyo, umeme wa majumbani kule ni volti 100. Ila plena yako ni habari nyingine. Nakusihi usiamue hadi umesoma kibati cha mota, kile kibao kidogo kilichoandikwa umeme inaotumia.

Mashine ya uzito huo karibu kila mara huwa ya njia tatu (three phase). Kibati kikiandikwa volti 230/400, una bahati: unafungua kiboksi cha mota, unaunga nyaya zake kwa pembetatu (delta), unaiendesha kwa inveta inayopokea njia moja na kutoa njia tatu. Siyo inveta ya sola, nasema ile ya kuendeshea mota. Kibati kikisema 400/690, inveta hiyo haitakusaidia, utaisuka mota upya au utaibadilisha. Sasa chukua gharama hiyo uijumlishe kwenye milioni 1.6, ndiyo bei yake halisi. Angalia na kilowati. Ikizidi 2.2, kwenye nyaya za nyumba ya kawaida sikushauri.

Kuhusu ile mpya nikuambie ukweli wangu. Kwa paini ya Sao Hill itakufaa. Kwa mninga na mkongo utaila milimita moja moja, na mota zake nyingi ni zile za kaboni, zinapiga kelele majirani wahame. Meza ya aluminiamu ikishapinda hainyooki. Chuma cha kumimina kilichokaa miaka 40 kimeshatulia, hakina tena pa kwenda.

Nenda kaikague hivi. Toa mkanda, zungusha kichwa cha visu kwa mkono taratibu. Ukisikia mchanga ndani, beringi zimekwisha, na hilo lisikutishe: beringi ni namba. 6205 ina shimo la milimita 25 iwe imetoka Birmingham au Guangzhou, na hapa mjini zimejaa. Kinachonitisha mimi ni meza. Beba rula ya chuma ya mita moja na karatasi ya daftari. Laza rula kwa urefu na kwa pembe, karatasi ikipenya katikati, ondoka. Kwaruza rangi chini ya meza, rangi mpya huficha nyufa zilizolehemiwa. Na kichwa cha visu kikiwa cha mraba badala ya duara, usikichukue hata bure, kinavuta mkono ndani.

Banda la Uani, Morogoro
Shikamoo fundi, na asante. Leo nimepanda basi asubuhi, nimekwenda na rula na karatasi. Kibati: 230/400, kilowati 2.2. Kichwa ni duara, visu vitatu. Beringi ya upande wa mkanda inakoroma. Karatasi imepenya mwisho kabisa wa meza ya kutokea, ile inayopokea mbao ikishapita visu, kama vidole viwili toka ukingoni, kwingine kote imegoma. Nyufa sikuona. Kikinga cha juu ya visu hakipo, muuzaji anasema kilipotea safarini. Kwa sababu hiyo ameshuka hadi milioni 1 na laki 3, nimemwachia laki 2 za utangulizi.

Fundi wa Keko
Marahaba. Hiyo ni mashine. Vidole viwili vya ukingoni havitakusumbua.

Ila sikiliza, mwanangu. Kabla ya inveta, kabla ya beringi, tengeneza kikinga. Ubao wa mkongo wenye upana wa kufunika kichwa chote, ukae kwenye mkono wa chuma unaopanda na kushuka, mbao ipite chini yake. Tengeneza na visukumio viwili vya mbao. Mwaka 2009 niliwasha plena isiyo na kikinga kwa kujaribu tu, kipande kifupi cha futi moja. Kidole changu cha shahada cha kushoto kinaishia kwenye pingili ya pili. Wewe unashika chaki. Usiiwashe hata mara moja kikinga hakijafungwa, na kikiwa tayari nitumie picha nikione.

Banda la Uani, Morogoro
Nimekusikia fundi. Mkongo ninao, uliobaki kwenye mlango wa kanisa. Naanza nao kesho nikitoka shule.