Naomba ushauri: kupiga picha za mwendo ufukweni Bagamoyo

Shikamooni wakubwa, na wengine nawasalimu. Ninajifunza upigaji picha hapa Bagamoyo, na kwa sasa tunafanya mazoezi ya nje, ya kupiga vitu vilivyo katika mwendo. Lenzi yangu ni ya milimita 18 hadi 55, na nikiivuta hadi mwisho tundu lake la kupitisha mwanga halifunguki zaidi ya f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu huwa pana zaidi).

Asubuhi jua huchomoza upande wa bahari, hivyo wavuvi wanaoshusha samaki kwenye ngalawa hutoka weusi kama vivuli. Nikiongeza mwanga ili sura zionekane, anga lote hupauka. Jioni jua huwa nyuma yangu na rangi hupendeza mno, lakini mwanga hupungua upesi, na nikishusha kasi ya shata (pazia la kamera linalofunguka na kujifunga) kutoka sekunde 1/1000 hadi 1/125, kijana anayeruka sarakasi mchangani hutoka na ukungu, ilhali nikipandisha ISO (kiwango cha usikivu wa kamera kwa mwanga) picha hujaa chengachenga.

Je, ninunue lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, au kwanza nijizoeze kumfuatisha mrukaji kwa kamera? Tena, naomba mnielekeze namna ya kiungwana ya kuomba ridhaa ya wavuvi walio kazini, kwani hilo kwangu ni muhimu kuliko lenzi.